Jino Langu na Taa ya Wawira

Jumatatu, 3 Februari

Mvua hakuna. Jua kali tangu saa mbili.

Nimemaliza kuvuna na kupukuchua. Wa kwanza tena. Hapa kwetu chini ya Siakago hakuna mtu amewahi kunitangulia kuweka mahindi ghalani, na hatatokea nikiwa hai. Mahindi ya jirani yangu Namu bado yamesimama shambani kama askari waliosahauliwa. Nimepita mbele ya boma lake makusudi, gunia likiwa juu ya punda. Aliniona. Akajifanya anafunga ua.

Gunia lenyewe nimelipeleka nasari, la uji wa watoto. La kwanza pia. Mwalimu Igoki ameandika ubaoni na chaki: Mzee Ireri, gunia moja. Nikasimama nikasoma mpaka mwisho. Niliacha shule darasa la tatu, lakini jina langu nikiliona nalijua.

Mke wangu, Mama Njiru, anasema tuliharakisha, ati mvua ya Januari iliyapata mahindi. Ni kweli ilinyesha siku tatu, niliandika kwa hii daftari. Lakini niliyauma. Hii kijiji yote huniletea punje niziume. Ikilia kwa jino ni kavu, isipolia ni mbichi, mambo yamekwisha. Namu yeye anatia mahindi na chumvi kwa chupa ya soda, anatikisa, ati chumvi ikishika chupa hayajakauka. Alifundishwa na mtu wa kilimo. Mwanaume mzima anatikisa chupa kama kayamba.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua hakuna.

Wawira amekuja kutoka Meru. Ni binti mkubwa wa mwanangu Njiru. Alipewa jina la mke wangu, kwa hivyo kwa mila namwita mke wangu, na yeye ananiita Guka, babu, akicheka. Anasoma digrii ya pili huko chuo kikuu. Ya pili. Wengine hapa hata ya kwanza wameisikia tu kwa redio.

Nimemwuliza anasomea nini hasa. Akasema likwidi kristali leza. Nikaweka kikombe chini. Kristo? Kristo ya maji? Akasema hapana Guka, kristali, kwa Kiswahili cha vitabu ni fuwele. Fuwele sijui ni nini. Masikio yangu ni mazima. Nimesikia Kristo.

Ati kuna kitu si maji na si jiwe. Kinamwagika kama mafuta ya kupikia, lakini ndani yake kimejipanga. Kila safu imegeuka kidogo juu ya ile ya chini, kama ngazi inayozunguka. Wanakipaka katikati ya vioo viwili, wanakitia rangi, wanakimulika. Mwanga unanaswa humo ndani, unagonga huku na huku, unapata nguvu, unatoka umenyooka na rangi moja safi. Hiyo ndiyo leza. Leza zingine nyingi zimezaliwa na rangi yao na zitakufa nayo. Hii yao unaitafutia rangi unayotaka, kama stesheni kwa redio.

Halafu akashika mkono wangu akasema hata hii saa, hizo namba nyeusi ni likwidi kristali. Nimevaa hii saa tangu baba yake akiwa kijana. Nikaivua. Nikaitazama. Nikairudisha.

Hiyo si kitu. Akashika yule mdudu wa kijani wa kwenye maua, mwenye mgongo mgumu unaong'aa kama chupa. Akanipa vioo viwili vyeusi, vidogo, kama vya miwani ya jua. Nikamtazama mdudu na kioo cha kwanza. Kijani. Nikamtazama na cha pili. Mweusi kama makaa. Rangi imekufa! Nikarudi kwa cha kwanza, imefufuka. Nilifanya hivyo mpaka mdudu akachoka. Wawira anasema mgongo wake umejengwa kwa ile ngazi ya kuzunguka, mwanga ukitoka hapo unatoka umejipinda upande mmoja, kioo kimoja kinaukubali na kingine kinaukataa.

Nimeishi na huyu mdudu miaka sabini na nane. Sijui nilikuwa naangalia nini.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua hakuna. Nimeamka na kumtafuta mdudu tena. Bado ananishtua.

Nimeuliza hiyo taa ina kazi gani kwa mtu wa jembe. Wawira akasema nyingi. Madaktari wanaitaka, ya kutafuta ugonjwa kwa damu. Lakini yeye na mwalimu wake wanaitengeneza ya kutafuta afla kwa mahindi. Ile sumu ya ukungu inayotangazwa redioni kila msimu. Huioni, huinusi, hata ukipika haitoki. Lakini ukiimulika na rangi inayoitaka, inajibu. Inawaka buluu. Wana sanduku la kujaribia, ukubwa wa betri ya gari.

Nikamwambia hapa kwangu hiyo sanduku itakosa kazi.

Jumapili, 9 Februari

Mvua hakuna. Siku kubwa.

Pasta aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikasimama. Nikasema mjukuu wangu wa chuo kikuu amepata Nuru ya Kristo ya maji, na Jumapili ijayo, Jumapili ya mavuno, ataileta hapa imulike mahindi ya kila mtu. Tuone nani anamletea Mungu chakula na nani anamletea takataka. Nikisema takataka nilimtazama Namu. Kanisa lilipiga makofi mpaka mbwa wakatoka nje. Pasta akasema Haleluya, tutamwachia binti madhabahu.

Kule mlangoni Namu akanishika mkono. Akasema, Ireri, na jino lako litamulikwa? Nikasema litamulikwa baada ya chupa yako.

Wawira alikuwa amerudi Meru jana. Bado sijamwambia.

Jumatano, 12 Februari

Mvua hakuna kwetu. Meru ilinyunyiza.

Nimeenda mwenyewe kumwambia, maneno kama hayo si ya simu. Wawira aliweka mikono kichwani. Akasema, Guka, umefanya nini? Nikasema nimekutangaza.

Akaniingiza chumba chao. Pazia nyeusi, giza la mchana. Meza ni ya chuma nzito na imeelea juu ya hewa isitikisike. Ati usikohoe. Nikakohoa. Mistari yote kwa kompyuta ikacheza kama kuku aliyechinjwa. Nikashtuka nikafikiri nimeharibu chuo kikuu.

Leza yenyewe ni kipande cha kioo kama kucha yangu ya kidole gumba. Nilikuja kuona mashine, nikaonyeshwa kucha. Nikataka kucheka. Halafu akaimulika na kukawa na nukta nyekundu ukutani, nyekundu kuliko kitu chochote nimewahi kuona nyekundu. Akasogeza kile kioo kidogo, kidogo tu, kama mtu anahamisha punje. Nukta ikawa ya machungwa. Ikawa manjano. Ikawa kijani. Sikupumua. Mtoto wa Njiru, niliyemfunza kukamua mbuzi, ndiye anaamuru.

Mwalimu wake ni mama mfupi wa miwani. Hakufurahia maneno ya kanisa. Alisema sanduku bado liko kwa majaribio, linaweza kukosea, si la kuhukumu watu. Lakini wanahitaji mahindi ya wakulima wa kweli, kwa hivyo Wawira aje, mradi aeleze watu kuwa ni majaribio, na kila mtu akubali kwa sahihi. Nikasema nipeni karatasi. Nikaweka sahihi, na juu ya sahihi nikaongeza alama ya kidole wasiwe na shaka. Wa kwanza kukubali. Mama wa miwani akanitazama sana.

Jumapili, 16 Februari

Mvua hakuna. Nitaandika polepole.

Kanisa lilijaa. Hata wale wa makanisa mengine walikuja kuona Nuru. Makarai ya mahindi yalipangwa mbele, na kila mtu alijua la nani ni lipi. Langu lilikuwa katikati, limejaa mpaka linamwagika.

Wawira alisimama akasema, naomba mnisikilize vizuri, hii si miujiza, si Kristo, ni kristali, ni majaribio ya shule. Cucu mmoja, bibi kizee wa nyuma, akaitikia, Amina, Kristo! Na kanisa lote, Amina! Akaeleza tena. Amina tena. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Sanduku lina tundu la kuchungulia, limefunikwa kitambaa cheusi. Wawira akasema ataanza na karai la pembeni. Nikakataa. Nikasema mimi huwa wa kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, Guka, tafadhali. Nikachota mahindi yangu mwenyewe na mikono miwili nikamwaga kwa trei.

Akachungulia. Akapangusa kioo. Akaomba nichote tena, chini zaidi kwa karai. Akachungulia. Akaomba mara ya tatu. Pasta akashindwa kungoja, akainama akaweka jicho. Akasema, inawaka. Hakusema kwa nguvu, lakini kanisa letu ni la mabati, kila kitu kinasikika.

Nikamsukuma Pasta. Niliona mwenyewe. Punje zangu ndani ya giza, siyo moja, nyingi, zimewaka buluu kama moto wa gesi.

Wakaweka za Namu. Giza. Hakuna kitu. Wa tatu, giza. Wa nne, punje mbili. Halafu wakarudi kwangu kwa sababu nilipiga kelele warudie. Gesi.

Sijawahi kushtuka hivi. Siku baba yangu alikufa nilikuwa najua anakufa. Hii hakuna mtu aliniambia.

Watu wakaanza kuombea. Siyo mahindi, mimi! Ati Nuru ya Kristo imefichua. Ni mimi niliwaambia ni Kristo. Wawira akisema si hukumu, ni ukungu, ni unyevu, hakuna aliyemsikia. Namu alibeba karai lake akarudi kuketi. Afadhali angenicheka.

Halafu mwalimu Igoki akasimama. Akauliza kwa heshima tu, Mzee, na lile gunia la watoto, ni la mavuno haya haya?

Nikasema hapana. Nikasema lile ni la mwaka jana.

Akashukuru Mungu akaketi. Wawira naye akapumua. Mama Njiru aligeuza kichwa akanitazama. Ya mwaka jana tulimaliza kabla ya Krismasi. Yeye ndiye alifagia ghala.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua hakuna.

Sanduku linadanganya. Mwalimu wake mwenyewe alisema linaweza kukosea. Wawira amebeba mfuko wa mahindi yangu kwenda kuyasaga na kuyapima kwa dawa, njia ya zamani ya maabara. Jibu ni Ijumaa. Nangoja Ijumaa. Likisema safi, sijadanganya mtu.

Mama Njiru ameweka chai mezani akatoka.

Vijana wawili wa boda wamepita wakimulika tochi ya simu kwa ua wangu. Mchana!

Jumanne, 18 Februari

Mvua hakuna. Joto.

Nimeagiza ugali wa mahindi yangu. Mama Njiru akasema, unga uko hapo, sufuria iko hapo, mwiko uko hapo. Yeye akala ndizi. Nikapika mwenyewe. Nimekula nusu mbele yake. Ugali ni mtamu, hauna shida yoyote. Nusu ya pili haikupita.

Sasa naandika kitu sijawahi kusema. Jino la kulia halipo. Lilitolewa Novemba, nikasema naenda kuona ng'ombe ya mtu. Ndilo lilikuwa linasikia. La kushoto ni bovu, kila kitu kwake ni kigumu. Punje za Januari niliziuma na hilo. Hazikulia. Nikaambia watu zimelia. Niliogopa Namu ataanza kuvuna kesho yake, kumbe hata hakuwa na mpango. Nikafunga magunia.

Saa saba Muthoni alirudi kutoka nasari. Ni mtoto wa kijana wangu wa mwisho, tunaishi boma moja, ana miaka minne. Alikuwa na uji umekauka kidevuni. Akaniambia, Guka, leo nimeongezwa.

Nikampangusa na kidole. Nikakaa nikitazama kidole.

Jumatano, 19 Februari

Mvua hakuna.

Sikungoja Ijumaa. Nilitoka saa mbili. Kwa njia panda nilisimama. Nilisimama sana, mpaka mtu akauliza kama nimepotea. Nilikuwa natunga maneno. Ningesema mwanangu alichanganya magunia. Ningesema panya. Nilipofika nasari, sufuria ile kubwa ilikuwa imeshachemka, mpishi anakoroga, vikombe vimepangwa kwa benchi. Akasema, Mzee, karibu, tukupimie kidogo?

Maneno yote yakaisha. Nikaipiga sufuria teke.

Uji ulimwagika mpaka mlangoni. Mpishi alipiga nduru, Mzee amerogwa! Mzee amerogwa! Watoto wakajaa dirishani. Mwalimu Igoki akakimbia na chaki mkononi. Ndio maneno yakarudi. Nikasema ni ya mwaka huu. Ni yale yale. Nilidanganya kanisani.

Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Alifungua stoo tukaangalia gunia. Limefika katikati. Wiki mbili, kila siku ya shule, watoto thelathini na kitu. Akarudi darasani, akaenda ubaoni, jina langu lilikuwa bado hapo juu kwa kona. Akalifuta na kiganja. Mpishi nje bado anauliza, sasa wanywe nini? Na Muthoni ndani analia, anataka uji wake.

Mguu umeungua, kutoka kidole mpaka kifundo. Ni sawa.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua hakuna.

Wawira alipiga simu saa tatu. Guka, keti chini kwanza. Nilikuwa nimeketi tangu asubuhi. Akasema sanduku halikudanganya. Sumu imezidi kiwango, imezidi mbali sana. Nikamwambia kuhusu gunia la nasari. Halafu nikasikia analia. Akasema ni mara ya kwanza taa yao kutoka nje ya chumba na kusema kweli, na mwalimu wake amefurahi, na kila mtu hapo amefurahi, na yeye anatafuta mahali pa kufurahia hapati. Nikasema mke wangu, usilie, kazi yako ni nzuri. Nilisema hivyo. Ni kweli ni nzuri. Imeona kile mimi nilikataa kuona.

Nesi wa zahanati amekuja nasari kuangalia watoto wote. Alinifunga mguu pia. Anasema leo hakuna mgonjwa hata mmoja. Anasema sumu ikiwa nyingi sana inaua haraka, ikiwa ya polepole inakula ini bila kupiga hodi. Tuangalie macho yasiwe manjano, tumbo lisivimbe. Nikauliza tuangalie mpaka lini. Akasema, Mzee, tuangalie tu.

Ningependa anipe tarehe.

Jumapili, 23 Februari

Mvua hakuna.

Nimesimama tena. Pasta alitaka nisiseme, nikasema. Nikasema gunia lilikuwa la mwaka huu. Nikasema niliyafunga mahindi yakiwa na unyevu ili niwe wa kwanza. Nikasema jino halipo tangu Novemba. Kisha nikafungua mdomo nikawageukia, kulia na kushoto, wakaona pengo. Wengine walicheka. Mama mmoja wa nasari hakucheka, alitoka nje na mtoto wake mkononi, hakurudi hata wakati wa baraka. Namu hakucheka.

Nikasema pia ile taa si Kristo, ni kristali, mimi ndiye nilisikia vibaya. Wakaitikia Amina. Nimechoka nao.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua hakuna.

Tumezika mahindi. Yote ya ghala na lile nusu la nasari. Wawira alisema yasipewe kuku, yasipewe ng'ombe, sumu inapita hata kwa maziwa. Nilianza shimo peke yangu asubuhi, na huu mguu. Saa tatu nikasikia jembe lingine nyuma yangu. Namu. Sikumwita.

Akasema, shimo lako ni fupi. Nikasema, basi chimba lako. Akachimba langu.

Tulimwaga gunia moja moja. Mahindi mazuri kwa macho, meupe, manene. Nilichukua kiganja kimoja nikayatazama kwa jua. Hakuna kitu. Ningekuuzia, ningekupikia, ningekuapia. Nikayatupa ndani.

Mama Njiru alisimama kwa mlango wa ghala na ufagio. Alifagia mpaka kwenye pembe, kama Krismasi.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua hakuna. Mguu unakauka.

Wawira amepiga simu kuomba ruhusa mara ya pili. Anataka kuandika habari ya mahindi yangu kwa kitabu chake cha digrii. Jina halitatokea. Kila mkulima amepewa namba kwa jinsi walivyofuatana kutia sahihi. Nikauliza mimi ni namba gani.

Mkulima wa kwanza.

Nikasema, andika.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua hakuna. Mawingu kidogo upande wa mlima, yamerudi yalikotoka.

Namu ametuma gunia la mahindi yake, ya kutusukuma mpaka tuvune tena. Juu yake kulikuwa na chupa tupu ya soda na chumvi ndani ya karatasi. Nimeitikisa. Chumvi haikushika. Mama Njiru amepika ugali wake mchana, nimekula wote. Ni mtamu kuliko wangu. Sitamwambia.

Nasari wamechangiwa unga na wazazi. Uji umeanza tena juzi.

Mdudu wa kijani amerudi kwa maua. Vioo viwili Wawira aliniachia, viko kwa dirisha. Leo sikuvichukua.

Saa kumi na moja nilimwita Muthoni, nikamgeuza upande wa jua, nikavuta kope ya chini na kidole gumba. Sasa amezoea, anafungua macho mwenyewe kabla sijasema. La kulia. La kushoto. Akauliza, Guka, unatafuta nini? Nikasema natafuta kama umelala vizuri. Akasema amelala. Akakimbia.

Meupe. Jana meupe. Juzi meupe. Nitakuwa naandika hapa kila siku, chini ya habari ya mvua.

Mvua hakuna. Macho meupe.